Kikombe Kidogo cha Mama Mkwe

Nilimpa mama mkwe wangu maji ya kusuuzia kahawa. Si tone. Kikombe cha bati kizima, kimejaa hadi ukingoni, na nikasimama mbele yake mikono nyuma nikingoja kusifiwa. Nalisema mapema ili lisije likanikaba katikati ya maneno. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto watatu, nimemaliza kidato cha nne, na cheti changu kipo sandukuni mpaka leo kikishuhudia kwamba somo nililofaulu kuliko yote ni Sayansikimu.

Wivu ndio ulionifikisha pale. Wapo wanaosema wivu huwaka. Wangu haukuwaka. Ulikuwa kama kijiwe ndani ya maharagwe: unatafuna vizuri, unasahau, unacheka na watu, halafu ka! jino limepiga.

Tulikuwa tukiishi Homa Bay, juu kidogo ya soko, kwenye ploti ya nyumba tatu zilizotazamana, na bomba moja la maji katikati ya uwanja. Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu na mume wangu, mwalimu wa shule ya msingi. Ya mwisho ilikuwa ya jirani yetu Mkuria, mwanamke aliyeletwa mjini na biashara ya mahindi kutoka upande wa mpakani. Kijaluo kilimshinda, na Kikuria kilitushinda sisi zaidi, kwa hiyo tulikutana kwenye Kiswahili. Kiswahili chake hakikuwa na kona. Alichotaka kusema alikisema, halafu akaendelea kupepeta mahindi yake.

Nyumba ya katikati ilikaa tupu mpaka mwaka uliofuata ile mvua kubwa iliyobeba madaraja. Ndipo mdogo wa mume wangu aliporudi kutoka Ulaya, yeye na mke wake, wakaipanga.

Shemeji alikuwa amekwenda kusomea samaki. Mtu amezaliwa Sindo, amejifunza kusimama akishikilia mtumbwi, halafu anapanda ndege akafundishwe samaki na watu wanaowanunua wakiwa wameganda! Nilicheka hilo kwa miaka minne. Mke wake alikuwa msichana wa Migori, mpole, mwembamba, mwenye sauti ya kuomba radhi hata anaposalimia. Sisi tulioolewa na ndugu wawili huitana nyieka. Ni jina lile lile la wake wenza, na wivu umekaa ndani yake tangu zamani, kwa hiyo msinilaumu mimi peke yangu.

Sasa mnielewe nilikuwa nani. Mume wangu ni kifungua mimba. Kwetu nyumba ya kifungua mimba hutangulia: hupanda kwanza, huvuna kwanza, na mama mzazi akija mjini mfuko wake huingia pale kwanza. Kwa miaka kumi na moja mfuko wa mama mkwe ulikaa nyuma ya mlango wangu. Alikuja kila mwisho wa mwezi kutoka Sindo kuonyesha macho yake hospitali. Aliketi kwenye kiti cha karibu na dirisha, nikamjazia chai ya maziwa kwenye kikombe cha bati, naye akanimwagia habari: nani amekosana na nani, nani ameoza binti, jogoo wa nani amepotea akaonekana ndani ya sufuria ya nani. Mimi si mtu wa kutembea. Hata sokoni naenda nikiwa nimekasirishwa na kitu. Kwa hiyo dunia ilinijia yenyewe mara moja kwa mwezi, tena ilikuja imebeba omena, dagaa wa ziwani.

Hiyo ndiyo mali niliyokuwa nayo. Basi nyieka akafungua masanduku yake.

Nilikwenda kumsaidia kupanga vitu, yaani nilikwenda kuona. Nilitegemea redio, labda televisheni. Akatoa kitu cheusi kilichoinama kama ndege anayetaka kudonoa, akakiweka mezani, akachomeka waya kwenye stima. Kifuani kilikuwa na vitufe viwili. Kimoja kimechorwa kikombe kidogo, kingine kikombe kikubwa. Kisha akafungua katoni iliyojaa vikopo vya rangi, kila kimoja ukubwa wa kifuniko cha chupa ya dawa ya kikohozi, kimezibwa kabisa, kahawa ikiwa ndani. Tuliviita vidonge kwa kukosa jina. Unatia kidonge kimoja, unafunga, unabonyeza. Mashine inanguruma, halafu inatema kahawa yenye povu. Ukimaliza kidonge hicho kazi yake imekwisha, unatupa. Na katoni ikiisha imekwisha nayo, maana vitu hivyo Homa Bay havikuwapo, hata Kisumu ungeulizia wangekuelekeza duka la dawa.

"Nyieka, utakunywa kidogo au kikubwa?" akaniuliza.

Nikamtazama. Kwetu mgeni haulizwi. Mgeni anajaziwa. Ukimuuliza mgeni kiasi anachotaka ni kama kumuuliza anaondoka saa ngapi. Nilisema chochote tu, akabonyeza kidogo, nikapewa kikombe ambacho bibi wa kijijini angekitumia kupimia dawa ya kuku. Mafunda manne. La tano lilikuwa hewa.

Nilivuka uwanja nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeihisi tangu Krismasi. "Baba," nilimwambia mume wangu, "wamerudi na ubahili wenye waya."

Alikuwa akisahihisha madaftari. "Si ni kahawa tu?" akasema.

Wanaume hawaoni mambo. Jirani Mkuria naye alialikwa siku iliyofuata, akarudi akipangusa mdomo. Nilimngoja bombani.

"Haya, umeonaje?"

"Kahawa ni kali, iko sawa," akasema. "Hiyo kikombe ni ya mdoli. Lakini nilishiba."

"Ulishiba?"

"Mama Mwalimu, mimi nilienda kunywa kahawa. Sikuenda kuoga."

Nilikuwa nikingoja mwisho wa mwezi. Nilijua mama mkwe ni mtu wa zamani, na siku atakayoulizwa kidogo au kikubwa, kama mtoto anayepimiwa mafuta ya taa dukani, nyieka angejua kwamba Ulaya ni mbali na Sindo. Mwezi ule ulitambaa kama konokono. Mama alipofika, akanywa chai yangu kwanza, kikombe kimejaa, nikampeleka mwenyewe nyumba ya katikati. Sikutaka kusimuliwa.

Nyieka akapiga goti kidogo, akasalimu, akauliza kwa sauti yake ile ya kuomba radhi: "Mama, nikuwekee kidogo au kikubwa?"

Niliinamisha kichwa nikajifanya natazama vitambaa vya viti, ili uso wangu usinisaliti.

"Unaniuliza mimi?" mama akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi ndiye nachagua?"

"Ndiyo, mama. Unavyotaka."

Akainuka. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, kwa hiyo aliikaribia ile mashine mpaka pua ikaigusa. Akaomba ashikwe kidole aonyeshwe kikombe kidogo kiko wapi. Nyieka akamshika kidole. Mama akabonyeza, mashine ikanguruma, akaruka nyuma, akacheka kicheko cha msichana aliyemwagiwa maji mtoni. Sikuwahi kukisikia kicheko kile nyumbani kwangu. Alikunywa mafunda yake manne taratibu, akageuza kikombe akakitazama chini, kana kwamba ameachiwa barua.

"Tangu niolewe," akasema, "nakunywa ninachowekewa. Kikijaa, namaliza. Tumbo likikataa, namaliza. Leo nimekunywa nilichotaka."

Nilicheka pamoja nao. Kwa meno tu.

Mwezi uliofuata nilikuwa dirishani mama alipoingia kwenye ploti. Nilikuwa pale kwa bahati, tangu asubuhi. Akasimama karibu na bomba, akageuza kichwa huku na huku, na mfuko wake ukaingia nyumba ya katikati. Kwangu alikuja baadaye, mikono mitupu, akanisalimu vizuri, akanipa omena, akaniambia ameshiba. Habari za jogoo zilikuwa zimekwisha kusimuliwa.

Kuanzia hapo niliharibika. Nilianza kuhesabu mara ngapi kicheko kimetoka nyumba ile. Nilianza kuwauliza wageni wangu, birika likiwa mkononi: "Kidogo au kikubwa?" Mwalimu mwenzake mume wangu alikunja uso akamgeukia. "Kwani mshahara umechelewa?" akauliza. Mume wangu akanifuata jikoni akaniomba niache. Niliacha. Nikabaki na hasira nisiyoweza kuipakulia mtu.

Halafu hospitali ikasema jicho la mama lipasuliwe, na baada ya hapo asirudi Sindo mwezi mzima. Akae mjini, karibu na daktari, apate wa kumtia dawa jichoni. Kule kijijini mama halali katika nyumba ya mwanawe, lakini ya mjini ni ya kupanga, na mila ilikuwa imejifunza kufumba jicho. Swali likawa: nyumba gani? Mume wangu na ndugu yake walikaa, wakaongea, wakakubaliana kwamba mama atachagua mwenyewe akitoka.

Akachague mwenyewe! Na yeye kuchagua amefundishwa na nani?

Mwezi mzima. Mama wa kifungua mimba auguzwe na mke wa mdogo, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni kwangu, na mimi nikiwa hai nina mikono miwili. Kanisani wangeniuliza, na wasiouliza wangekuwa wabaya zaidi. Hayo ndiyo niliyomwambia mume wangu. Ambayo sikumwambia ni kwamba nilimtaka mama. Nilitaka kiti cha dirishani kiwe na mtu.

Nikapata nafasi. Siku ambayo mama alikuwa atoke hospitali, nyieka na mume wake waliitwa Migori, wakwe walikuwa wanakuja kumposa mdogo wake. Wangerudi kesho yake. Nyieka akaniletea ufunguo.

"Nyieka, akitoka mpe kahawa, anaitamani," akasema. "Mashine iko mezani. Vidonge vimebaki vitatu. Kitufe kidogo na kikombe kidogo, ndivyo anavyopenda. Na usibonyeze mara ya pili kwa kidonge hicho hicho, tafadhali. Kinakuwa kimekwisha."

Nilimsikia. Sikio la wivu linasikia vizuri, ila linatafsiri. Usibonyeze mara ya pili: nikajua ni uchoyo. Kitufe kidogo: nikajua anataka mama azoee udogo, ili sisi wenye vikombe vikubwa tuonekane washamba.

Walipoondoka nilikwenda kuichukua ile mashine. Kama mama atakunywa, atanywea kwangu. Niliibeba kiunoni kama mtoto, waya unaburuta nyuma kwenye vumbi. Jirani alikuwa mlangoni kwake anaanika mahindi.

"Unaiba?" akauliza.

"Nimeachiwa."

"Uliachiwa ufunguo. Sikusikia ukiachiwa na hiyo."

"Njoo baadaye unywe kahawa," nikamwambia. Nilitaka shahidi.

Mume wangu alimleta mama adhuhuri, jicho moja limefungwa bandeji nyeupe, akamketisha kwenye kiti cha dirishani, akarudi shule. Jirani akaingia akasalimu, akasimama karibu na dirisha jingine maana vazi lake lilikuwa na vumbi la mahindi. Stima ilikuwapo, jambo ambalo nililihesabu kuwa baraka. Nilikuwa nimechemsha maji, nikayapoza, nikayachuja kwa kitambaa safi. Sayansikimu.

"Mama," nikasema, na sauti yangu ilikuwa tamu hata mimi mwenyewe nikaishuku, "nikuwekee kidogo au kikubwa?"

"Kidogo tu, chi wuoda," akasema. Ndivyo alivyoniita siku zote, mke wa mwanangu. "Kidogo kabisa."

Hapo ndipo nilipopotea, na aliyelelewa kama mimi ataelewa njia niliyopotelea. Kwetu mgeni akisema kidogo ni adabu. Ukimsikiliza umemtukana. Mgeni anasema kidogo, wewe unajaza. Anasema basi, wewe unaongeza. Anaweka kiganja juu ya kikombe, wewe unakiondoa kiganja. Kule Rodi Kopany nilikozaliwa, mama yangu aliwahi kumfukuza dada yangu jikoni kwa sababu mgeni alisema nusu na dada akampa nusu. Nikajiambia: kwa nyieka mama anasema kidogo kwa kumhurumia na vidonge vyake. Hapa ni kwa kifungua mimba. Hapa atapata heshima.

Nikakiacha kikombe kidogo pembeni. Nikachukua kile kikombe chake cha bati, cha miaka kumi na moja, nikakisukuma chini ya mdomo wa mashine. Hakikuingia. Nikakiinamisha, nikakishikilia. Nikatia kidonge, nikabonyeza kikubwa.

Ikatoka nyeusi, nzuri, ina povu. Ikakoma. Nikachungulia: haijafika hata nusu. Mtu wa miaka sabini, ametoka kupasuliwa jicho, nimpe kikombe kisichofika nusu? Nikabonyeza tena. Ikatoka ya rangi ya chai ya rangi. Robo tatu. Nikabonyeza tena. Sasa ikatoka rangi ya maji ya ziwa karibu na gati baada ya mvua, lakini kufikia hapo nilikuwa natazama kimo, sikuwa natazama rangi. Mara ya nne kikajaa. Nilitabasamu. Cha jirani nikakifanya vivyo hivyo kwa kidonge cha pili, na cha tatu nikakiacha, ili nyieka asije akasema nimemmalizia.

Mama alikipokea kwa mikono miwili. Akanywa. Akakipeleka tena mdomoni, akavuta pumzi, akanywa. Ilichukua muda. Mara mbili alipumzika akatazama nje kwa jicho lake moja, kisha akarudi kazini. Alimaliza yote. Alipokiweka chini, kikombe kilitoa mlio wa kitu kitupu.

"Imekuwa tamu, mama?"

"Imejaa," akasema.

Nikaipokea kama sifa. Nilipogeuka, kikombe cha jirani nacho kilikuwa kitupu, na nikaona hapo mambo yamekwisha. Nikamwuliza jirani, "Unaonaje?" Akasema ana mahindi ya kugeuza, akatoka.

Nyieka aliporudi kesho yake alikuta mashine iko mahali pake, imepanguswa, na kidonge kimoja kimebaki. "Umetunza vizuri," akaniambia. Nikasema, "Si kazi." Nilikuwa nimeshatandika kitanda cha mama chumba cha watoto, shuka la maua, lile la wageni wa kanisani.

Jioni ile ndugu wawili wakaketi na mama sebuleni kwangu. Sisi wake tukakaa karibu na mlango. Mume wangu akamwuliza angependa kukaa wapi.

"Nitakaa kwa huyu mdogo," mama akasema.

Mume wangu akakohoa. "Kuna sababu, mama?"

"Moshi," akasema. "Jiko la makaa. Daktari amekataa moshi."

Nyieka alipikia gesi. Hakuna aliyeweza kubisha. Mpaka leo ukiuliza watu wa ukoo watakuambia mama alikwenda kule kwa sababu ya moshi, na mimi ndiye ninayelisema hilo kwa sauti kuliko wote. Lakini mama aliponyanyuka alinishika mkono, akaupapasa kama mtu anayetafuta njia gizani.

"Umenitumikia miaka mingi, chi wuoda," akasema. "Na wewe pumzika."

Bora angenitukana.

Mfuko wake niliubeba mwenyewe. Sikuweza kumwachia nyieka aubebe na mimi nitembee mikono mitupu mbele ya ploti nzima. Hatua kumi na mbili, nilizihesabu. Nikauweka nyuma ya mlango wao, nikawaambia walale vizuri, ingawa jua lilikuwa bado halijazama, nikatoka. Kabla sijafika bombani nilisikia mashine ikinguruma mara moja. Halafu kile kicheko.

Jirani alikuwa bombani anasuuza debe. Nilisimama karibu naye nikajifanya nimekuja kunawa. Nilitaka mtu mmoja tu, mmoja katika mji mzima, aniambie nimeonewa.

"Jirani, tuambiane ukweli," nikasema. "Kwani nyumba yangu ina moshi?"

Akamwaga maji, akapindua debe, akanitazama.

"Mama Mwalimu, moshi ni ya nini? Ile kahawa yako mimi nilimwaga kwa dirisha. Huyo mama alikuambia anataka kidogo, wewe ukajaza maji chafu kama unanywesha ng'ombe, na yeye hakuwa na dirisha ya kumwaga, akakunywa yote. Ningekuwa ni mimi, ningehama jana."